Watu wamehamia kusini, vyuo vimebaki palepale: nani anawapata wachezaji wa Marekani?

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Chuo Kikuu cha Georgia, kusini mwa Marekani, kilipotaka vijana wenye nguvu wa kuimarisha timu yake ya futiboli ya Kimarekani, kilituma watu wake kaskazini hadi Youngstown, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Ohio. Mmoja wa vijana waliowapata ni Frank Sinkwich, aliyelelewa mjini humo katika familia ya wahamiaji wa Kikroatia. Mwaka 1942 Sinkwich alishinda tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo vikuu nchini humo. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa Georgia kuipata.

Miaka 20 baadaye Alabama nayo ilifuata njia hiyohiyo. Joe Namath, aliyeiongoza timu ya chuo hicho hadi ubingwa wa taifa wa 1964, alitoka Beaver Falls, mji mwingine wa chuma katika jimbo la Pennsylvania, si mbali na Youngstown.

Leo msafara umegeuka. Ohio State, chuo kikuu kikubwa cha umma cha jimbo la Ohio, kilitwaa ubingwa wa msimu wa 2024 kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23. Miongoni mwa nyota wake alikuwamo Jeremiah Smith kutoka Florida, Caleb Downs kutoka Georgia na Quinshon Judkins kutoka Alabama. Hata fainali yenyewe, ya Januari 20, 2025, ilichezwa Atlanta, mji mkuu wa Georgia.

Ni nini kilichogeuza njia hiyo, na nani analipa gharama yake? Katika uchambuzi huu tunaangalia jinsi kuhama kwa watu kutoka eneo moja la Marekani kwenda jingine kulivyobadilisha usajili wa wachezaji wa vyuo vikuu.

Kwa nini chuo kinasajili wachezaji

Kwa msikilizaji aliyezoea soka la Ulaya au la Afrika, mfumo huu unahitaji maelezo kidogo. Marekani haina utaratibu wa klabu kulea vijana wa futiboli katika shule zao maalumu. Kijana hucheza katika timu ya shule yake ya sekondari, kisha huchaguliwa na chuo kikuu, na akifanya vizuri huko ndipo huingia kwenye ligi ya kulipwa ya NFL. Kwa hiyo makocha wa vyuo hufanya kazi ya kusaka vipaji: husafiri hadi mashuleni, huketi sebuleni na wazazi, na kumwahidi kijana ufadhili wa masomo.

Fedha zilizomo ni nyingi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi ya watu zaidi ya 107,000, na haki za kuonyesha michezo ya ligi kubwa za vyuo kwenye televisheni huuzwa kwa mabilioni ya dola.

Lakini chuo hakina miguu. Kiwanda kinaweza kufungwa Ohio na kingine kikafunguliwa Texas. Familia inaweza kufungasha mizigo ikahama. Chuo kilichojengwa Columbus au Ann Arbor miaka zaidi ya 100 iliyopita hubaki hapohapo, hata kama watoto wa wale waliokijaza wamekwenda kuishi kwingine. Wakati wa kampeni za usajili, makocha wa kaskazini wanakutana na hali hiyo moja kwa moja.

Hesabu za sensa

Tuchukue majimbo matatu ya ukanda wa viwanda wa zamani: Ohio, Pennsylvania na Michigan. Katika sensa ya 1970 yalikuwa na jumla ya watu wapatao milioni 31.3. Tuyaweke pembeni ya majimbo matatu ya kusini: Texas, Florida na Georgia. Hayo yalikuwa na watu milioni 22.6 tu.

Katika sensa ya 2020, majimbo matatu ya kaskazini yalikuwa yamefika milioni 34.9. Yale ya kusini yalikuwa yamefika milioni 61.4. Florida peke yake ilikua kutoka watu milioni 6.8 hadi milioni 21.5, zaidi ya mara tatu. Ohio, ambayo mwaka 1970 ilikuwa karibu sawa na Texas, sasa haifiki nusu yake.

Siasa nazo zilihesabu upya. Baada ya sensa hiyo ya 2020, Ohio, Pennsylvania na Michigan kila moja ilipoteza kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi. Texas iliongezewa viwili na Florida kimoja.

Sababu zinajulikana. Septemba 19, 1977, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya shughuli zake katika eneo la Youngstown, na wafanyakazi wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Siku hiyo wenyeji wanaiita Jumatatu Nyeusi hadi leo. Viwanda vingine vya chuma na magari vilifuata. Wakati huohuo kusini kulikuwa na mafuta, ardhi ya bei nafuu, kodi ndogo, kampuni mpya, na viyoyozi vilivyofanya joto la Houston na Miami livumilike. Wamarekani weusi, ambao kati ya 1910 na 1970 wapatao milioni sita walikuwa wameukimbia ubaguzi na umaskini wa kusini, nao walianza kurudi, hasa katika miji kama Atlanta, Dallas na Houston.

Miji miwili, shule zake

Takwimu za majimbo zinaficha picha inayoonekana wazi mashuleni.

Youngstown ilikuwa na watu wapatao 168,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walibaki 60,000 hivi. Sekondari zake za zamani, kama South, North na Rayen, ambazo kila moja ilikuwa na timu yake, mashabiki wake na wapinzani wake wa jadi, hazishindani tena. Vijana waliobaki wamekusanywa katika shule chache.

Sasa twende Frisco, kaskazini mwa Dallas, katika jimbo la Texas. Mwaka 1990 Frisco ilikuwa mji mdogo wenye watu wapatao 6,000. Mwaka 2020 ilikuwa na zaidi ya 200,000. Hadi 2003 wilaya yake ya elimu ilikuwa na sekondari moja ya juu; kufikia 2022 zilikuwa 12. Kila sekondari mpya huja na uwanja wa mazoezi, chumba cha vyuma vya kunyanyua na kundi la makocha wanaolipwa.

Kwa kocha wa chuo, tofauti hiyo inahusu muda na mafuta ya gari. Katika vitongoji vya Dallas, Houston au Atlanta anaweza kuzuru shule kadhaa kwa siku moja, na katika kila shule akaonyeshwa vijana wa kumfaa. Katika maeneo ya mashambani ya Michigan hali ni kinyume. Shule nyingi ndogo huko zimeshindwa hata kupata vijana 11 wa kuanza mchezo pamoja na wa akiba, zikahamia futiboli ya wachezaji wanane kila upande. Jimbo hilo lilianzisha mashindano rasmi ya ubingwa wa wachezaji wanane mwaka 2011.

Idadi peke yake haitoshi

Hata hivyo, tungekosea kusema kwamba palipo na watu wengi ndipo palipo na ushindi. Kuna mambo mawili yanayokataa hesabu hiyo rahisi.

La kwanza ni umri na utamaduni. Sehemu ya ukuaji wa Florida ni ya wastaafu wanaofuata jua, na mstaafu hasajiliwi na kocha. Louisiana nayo imekua polepole, na ilipoteza kiti cha Baraza la Wawakilishi baada ya sensa ya 2010. Lakini ukilinganisha na idadi ya wakazi wake, ni miongoni mwa majimbo yanayotoa wachezaji wengi zaidi wa NFL. Kule Ijumaa usiku ni ya futiboli, na mtoto hukua akiijua.

La pili ni sheria na ubaguzi. Vipaji vilikuwapo kusini muda mrefu kabla ya watu kuhamia huko. Kilichokosekana ni vyuo vilivyokuwa tayari kuvipokea. Katika miaka ya 1960 vyuo vikubwa vya ligi ya kusini mashariki, SEC, vilikuwa bado vinawafungia mlango wachezaji weusi. Michigan State, chuo cha kaskazini chini ya kocha Duffy Daugherty, kiliwafungulia. Timu yake ya 1966, ambayo haikufungwa msimu mzima, ilikuwa na Bubba Smith kutoka Beaumont, Texas, Gene Washington kutoka La Porte, Texas, na George Webster kutoka Anderson, South Carolina. Vijana hao walipita karibu na vyuo vikubwa vya majimbo yao wakaenda kucheza kwenye theluji.

Mwaka 1967 Nate Northington wa Kentucky akawa mchezaji wa kwanza mweusi kucheza futiboli katika SEC. Septemba 12, 1970, USC ya California ilikwenda Birmingham na kuifunga Alabama 42 kwa 21, huku Sam Cunningham, mchezaji mweusi, akiisumbua ngome ya wenyeji. Alabama ilikuwa tayari imempa ufadhili Wilbur Jackson, mchezaji wake wa kwanza mweusi, lakini wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza katika timu kubwa. Baada ya hapo mlango ulifunguka haraka, na vyuo vya kaskazini vikapoteza nafasi ya kuvuna bila mshindani.

Kwa hiyo mambo mawili yalikutana. Kusini ilianza kuwabakiza vijana wake weusi nyumbani katika miaka ileile ambayo kaskazini ilianza kupoteza viwanda na familia. Matokeo yake yanaonekana katika orodha ya mabingwa. Katika misimu 17, kuanzia 2006 hadi 2022, ubingwa wa taifa ulikwenda kwa timu za kusini mara 16. SEC peke yake ilichukua 13. Timu pekee ya kaskazini iliyopenya ni Ohio State ya 2014, na hata hiyo ilikuwa na Joey Bosa kutoka Florida na J.T. Barrett kutoka Texas.

Vyuo vilivyokosa vijana vilifanya nini

Vyuo vya kaskazini havikukaa kimya. Tunaona njia tatu walizozitumia.

Njia ya kwanza ilikuwa kuwafuata vijana waliko. Mwaka 2015 Jim Harbaugh, wakati huo kocha wa Michigan, alizunguka majimbo ya kusini akiendesha kambi za mafunzo kwa wanafunzi wa sekondari. Vyuo vya SEC vililalamika kwamba anavuna katika shamba lao. Aprili 2016 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilizipiga marufuku kambi hizo, kisha kikaondoa marufuku hiyo ndani ya mwezi huohuo. Ugomvi wenyewe ulionyesha thamani ya shamba hilo.

Njia ya pili ilikuwa kuipanua ligi. Big Ten, ligi ya jadi ya majimbo ya kaskazini ya kati, iliichukua Nebraska mwaka 2011, Maryland na Rutgers mwaka 2014, kisha USC, UCLA, Oregon na Washington mwaka 2024. Sasa ina timu 18, kutoka pwani ya Atlantiki hadi ya Pasifiki. SEC nayo ilizichukua Texas na Oklahoma mwaka huohuo wa 2024. Soko la televisheni ndilo lililotangulia katika hesabu hizo, lakini ligi inayocheza Los Angeles inapata pia sababu ya kumwambia kijana wa Los Angeles kwamba wazazi wake wataweza kumwona.

Upanuzi haukumfaidi kila mtu. Nebraska, jimbo lililokuwa wakati huo na watu chini ya milioni mbili, ilitwaa ubingwa wa 1994, 1995 na 1997 ikiwa na vijana wa nyumbani pamoja na wengine wa kutoka mbali. Tommie Frazier, aliyeongoza mashambulizi yake, alitoka Bradenton, Florida. Ilipoiacha ligi ya Big 12 ilipoteza mechi za kila mwaka katika ardhi ya Texas, na tangu ihame haijarudi katika kilele kile. Nao wanamichezo wa mpira wa wavu na michezo mingine, ambayo haileti fedha nyingi, sasa wanaweza kusafiri karibu kilomita 4,000 kutoka Los Angeles hadi New Jersey kwa ajili ya mechi za ligi, huku masomo yakiwasubiri.

Njia ya tatu ni fedha, na ndiyo iliyobadilisha mchezo karibuni. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na kuanzia Julai 1 mwaka huo wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Kanuni za uhamisho zililegezwa pia, na mchezaji akaweza kuhama chuo na kucheza mara moja. Kisha Juni 6, 2025, jaji aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo, kwa kiwango kilichoanzia takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo kwa mwaka.

Fedha zinapunguza nguvu ya umbali. Downs na Judkins, wale wa Ohio State tuliowataja mwanzoni, hawakwenda Ohio moja kwa moja kutoka sekondari. Walianzia Alabama na Mississippi, katika vyuo vya SEC, kisha wakahama. Michigan ilikuwa imetwaa ubingwa wa msimu wa 2023. Kwa hiyo mara tu soko lilipofunguliwa, vyuo viwili tajiri vya kaskazini, vyenye wahitimu wengi wenye mifuko mizito, vilirudi kileleni. Sensa ilibaki ileile.

Wanaobaki nyuma

Hapa ndipo tunapoona kiini cha suala hili. Chuo tajiri kinaweza kununua tiketi ya ndege, kujiunga na ligi mpya au kumlipa mchezaji wa mbali. Shule ya Youngstown haiwezi. Kocha wa Columbus anapokwenda Florida, kijana wa Ohio ambaye kizazi kilichopita angepata nafasi ya mwisho kwenye orodha anakuta nafasi hiyo imekwenda kwa mtu mwingine. Na kocha anayeweza kumchukua mchezaji wa miaka 22 aliyekomaa kutoka chuo kingine ana sababu ndogo ya kumsubiri kijana wa miaka 18.

Kuna vyuo vidogo pia, ambako michezo inahusu uhai wa chuo chenyewe. Marekani ilizaa watoto wapatao milioni 4.3 mwaka 2007, na tangu hapo uzazi umeshuka. WICHE, taasisi inayofuatilia elimu ya juu, inakadiria kwamba idadi ya wanaohitimu sekondari ilifika kilele mwaka 2025 na itapungua kwa takriban asilimia 13 kufikia 2041. Majimbo ya kaskazini mashariki na ya kati ni miongoni mwa yatakayoumia zaidi.

Vyuo vidogo vingi vya huko hutumia timu kujaza madarasa. Adrian, chuo kidogo cha Michigan kilicho katika daraja la tatu la NCAA ambalo haliruhusu ufadhili wa kimichezo, kilianza mwaka 2005 kuongeza timu na viwanja kwa makusudi, na idadi ya wanafunzi wake ikaongezeka karibu mara mbili. Kila mchezaji aliyesajiliwa ni mwanafunzi anayelipa ada. Lakini dawa hiyo haiponyi wote. Chuo cha Notre Dame cha Ohio, ambacho si kile maarufu cha Indiana, kilifungwa mwaka 2024 kwa upungufu wa wanafunzi na madeni. Wanamichezo wake walilazimika kutafuta pa kwenda.

Mpaka Afrika Mashariki

Kukosa vijana karibu kumewahi pia kuwafikisha makocha wa Marekani kwetu. Washington State iko Pullman, mji mdogo wa mashamba ya ngano. Kocha wake wa riadha alitafuta wakimbiaji Kenya, na mmoja wao, Henry Rono, alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow ya 1980, alikimbilia chuo cha El Paso, kwenye mpaka wa Texas na Mexico. Mwaka 2024 Mkenya Doris Lemngole alishinda ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika akiwa Alabama.

Kwa kijana wa Eldoret au Arusha anayeota ufadhili wa aina hiyo, kuna jambo la kuzingatia. Viza ya mwanafunzi inabana sana kazi za malipo, kwa hiyo fedha zinazowavuta wenzake Wamarekani haziwi rahisi kwake kuzipokea. Anachopewa kwa uhakika zaidi ni ada, malazi na nafasi ya kukimbia.

Sensa ijayo ya Marekani ni ya 2030. Kabla ya hapo, kila Desemba vijana wa sekondari watatia saini na vyuo walivyovichagua, na orodha za majina zitatolewa pamoja na miji wanakotoka. Wakati huo ni vyema kuangalia zaidi ya wale wa Texas na Florida. Tunashauri kuhesabu pia wangapi wametoka Youngstown na miji inayofanana nayo, na wangapi kati yao wamepata nafasi katika chuo cha jimbo lao.